Kuuza albamu mkononi kwa shabiki: mwongozo kamili kwa msanii asiye na lebo

Mtu anayetafuta wimbo mpya kwenye simu hufika kwenye tovuti ya kupakua bure kwa kubonyeza mara mbili. Faili lina MB 4, halidai kadi ya benki wala kujisajili, na linaingia moja kwa moja kwenye memori kadi. Akitaka kukulipa wewe, mara nyingi haoni pa kulipia. Mwongozo huu unahusu kuijenga njia hiyo ya kulipia, na umeandikwa kwa msanii wa Tanzania au Kenya mwenye mashabiki mia tatu hadi elfu chache wanaomfuatilia kwa dhati. Mtaji wako ni vitu viwili: masta zako, yaani rekodi halisi za nyimbo, na orodha ya namba za simu za watu waliowahi kukulipa. Lebo ikishika vyote viwili, unabaki kibarua kwenye sauti yako mwenyewe.

Kulipana ana kwa ana si jambo geni kwetu. Kwenye taarabu shabiki huinuka na kumtunza mwimbaji palepale jukwaani. Wanamuziki wa Kongo wana mabanga: mtu analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Siku hizi anayetaka kukutunza anaweza kuwa Mwanza, Muscat au Minneapolis, na mkono wake unakufikia kwa simu tu.

KARATASI KWANZA

Hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa na kurekodiwa, hata kabla hujaisajili popote. Hata hivyo sajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kama uko Tanzania, au KECOBO kama uko Kenya, kwa sababu siku ya ugomvi cheti chenye tarehe kinaongea haraka kuliko mashahidi. Jambo ambalo wasanii wengi hawalijui ni kwamba sheria za nchi zote mbili zinataka uhamishaji wa haki uwe wa maandishi. "Tulielewana studio" haihamishi masta kuja kwako. Prodyuza aliyetengeneza biti bila karatasi anaweza kukaa kimya miaka mitatu, na wimbo ukianza kuingiza pesa akaja na madai yenye nguvu.

Kwa kila wimbo andaa ukurasa mmoja wa mgawo wenye haya: jina la wimbo na tarehe ya kurekodi, majina ya wote walioshiriki, ya kwenye kitambulisho na ya kisanii, asilimia za utunzi, jumla 100, asilimia za masta, jumla 100, maelezo kama biti imenunuliwa yote au imekodishwa, sahihi na namba za simu. Usisahau aliyeimba kiitikio. Sainini kabla ya miksi ya mwisho. Wimbo ukishavuma, kila mtu anakumbuka mchango wake ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Biti iliyochukuliwa mtandaoni ina mtego wake. Nyingi zimekodishwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na leseni yake huweka kikomo cha nakala unazoruhusiwa kuuza. Soma kikomo hicho, weka nakala ya leseni, na usiuandikishe wimbo wa biti hiyo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti. Mfumo utawakamata wasanii wengine waliokodi biti ileile kihalali, madai yatapingwa, na akaunti yako ndiyo itakayoonekana ya uongo.

Ukitoka studio, ondoka na miksi ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, ala peke yake, sauti peke yake, na mafaili ya kila chombo. Hifadhi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kompyuta za studio huibiwa, huungua kwa umeme, na hufutwa ili kupata nafasi ya kazi ya mteja mwingine.

Kama bado uko chini ya lebo, usiuze chochote kabla hujasoma vipengele hivi: nani anamiliki masta, mkataba unaisha lini, na je, lebo ina hiari ya kuuongeza peke yake, nani anamiliki jina la kisanii na kurasa za mitandao, baada ya mkataba kuisha, lebo inaendelea kuuza nyimbo za zamani kwa miaka mingapi, na malipo ya awali, yaani pesa lebo inayokupa mwanzoni, yanarudishwa kutoka fungu la nani. Hapo pa mwisho ndipo pesa zinapopotelea. Tuseme umepewa milioni 20 kwa mgawo wa asilimia 30, na lebo inajilipa deni kutoka kwenye fungu lako. Nyimbo lazima ziingize takriban milioni 66.7 ndipo deni liishe. Muda huo lebo imeshapata fungu lake la milioni 46.7 na milioni 20 zake zimerudi, na wewe hujaona shilingi ya ziada. Video, safari na nguo zikiandikwa kama deni, mstari wa mwisho unasogea mbali zaidi. Gharama ya kutoka nayo iulizwe kabla ya kuingia: Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 alieleza hadharani kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania.

KUANDAA MAFAILI

Albamu ya nyimbo kumi za dakika nne ni dakika 40 za sauti. Kwa MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha ubora wa sauti) ni kama MB 38. Kwa kbps 320 ni MB 96. Kwa WAV ya ubora wa CD ni takriban MB 420. Tofauti hizi ni pesa ya bando ya mnunuzi, kwa hiyo tengeneza matoleo mawili: jepesi la 128 kwa anayesikilizia simuni, na kamili la 320 kwa mwenye spika au gari. WAV mpe anayeiomba.

Jina la kila faili lianze na namba: 01, 02, 03. Ndani ya faili jaza jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, na kwenye sehemu ya maoni andika namba yako ya malipo pamoja na bei. Faili litasambazwa tu, hilo likubali. Basi lisafiri likiwa na anwani ya duka. Kava iliyomo ndani ya MP3 iwe JPEG ya pikseli 600 kwa 600. Msambazaji wa kidijitali, anayepeleka nyimbo zako kwenye majukwaa ya kusikiliza, atataka kubwa zaidi, 3000 kwa 3000.

Usitume ZIP kwa mteja wa simu za bei nafuu. Wengi hawajui kuifungua, watakupigia, na nusu saa yako itaishia hapo. Kwenye WhatsApp tuma kila wimbo kama dokumenti, usiutume kama sauti, ili jina la faili libaki lilivyo.

Kila wimbo unahitaji ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi hiyo duniani. Wasambazaji wengi hukupa bila malipo. Iandike kwenye daftari lako, maana ukihama msambazaji na kupakia wimbo ukiwa na ISRC mpya, majukwaa yanauona kama wimbo mwingine na hesabu ya wasikilizaji huanza sifuri.

BEI NA VIFURUSHI

Kosa la kawaida ni kuweka bei moja ya chini kabisa kwa kuogopa tovuti za bure. Bure huwezi kuishinda kwa bei. Panga ngazi tatu, kwa mfano hivi kwa shilingi za Tanzania: toleo jepesi Sh 5,000, toleo kamili Sh 15,000, likiwa na nyimbo mbili zisizopatikana kwingine, ala zake, na salamu ya sauti ya sekunde 20 inayomtaja mnunuzi kwa jina, flashi ndani ya kasha lenye sahihi Sh 40,000.

Sasa fanya hesabu. Ukiuza jepesi 200, kamili 60 na flashi 20, umepata milioni 1, laki 9 na laki 8, jumla milioni 2.7. Kati ya wanunuzi 280, wale 80 wa ngazi za juu wameleta milioni 1.7. Hao 80 ndio wanaokulisha, na bila ngazi za juu kila mmoja wao angekuachia 5,000 tu na kwenda zake. Salamu yenye jina ndiyo inayouza kuliko kitu chochote, kwa sababu hiyohiyo inayofanya watu watunze jukwaani: anataka aonekane na msanii wake. Haiibiki pia. Nani atapakua salamu aliyotumiwa Mwajuma wa Tandika?

Kabla ya kuamua albamu iingie lini kwenye majukwaa ya kusikiliza, fungua ripoti ya msambazaji wako, gawa mapato yote kwa idadi ya mara ulizosikilizwa. Kama ulipata Sh 90,000 kwa mara 60,000, kila mara ni Sh 1.5, na toleo jepesi moja ni sawa na kusikilizwa mara 3,333. Namba yako itakuwa tofauti na hii. Ijue, uibandike ukutani.

KUPOKEA PESA NA KUTOA MZIGO

Tumia Lipa Namba kwa Tanzania. Kwa Kenya tumia Till au Pochi la Biashara. Namba yako binafsi itachanganya pesa za albamu na za mchango wa harusi ya binamu, na mwisho wa mwezi hutajua umeuza ngapi. Fungua laini mpya kwa kazi hii, uiwekee WhatsApp Business, kisha fuata mpangilio huu:

1. Kwenye katalogi weka vifurushi vitatu, picha na bei.
2. Andika ujumbe wa kujibu unaojituma wenyewe: bei, namba ya kulipia, jina litakalotokea wakati wa kulipa, na neno moja la kutuma baada ya kulipa, mfano "NIMELIPA". Jina litakalotokea ni muhimu sana. Mteja akiona jina asilolijua anasitisha malipo.
3. Ukipokea "NIMELIPA", angalia muamala kwenye akaunti yako mwenyewe. Usiamini skrinishoti, wala ujumbe uliotumwa na mteja, wala SMS inayofanana na ya mtandao lakini imetoka namba ya kawaida. Utapeli huu ni wa kila siku.
4. Tuma mafaili, kisha mwekee alama ya "ametumiwa".
5. Jaza jedwali: jina, simu, mji, tarehe, kifurushi, namba ya muamala.
6. Muulize kama anakubali kupokea taarifa zako zijazo, uandike jibu lake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ya 2022. Namba hizi usimpe mtu, hata promota rafiki.
7. Mwombe aihifadhi namba yako kwenye simu yake.

Hatua ya saba wengi huiruka, halafu wanashangaa. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Mwenye wateja 280 ambao hawakuihifadhi ana kimya cha watu 280. Laini mpya ikianza kumwaga ujumbe uleule kwa mamia ya watu siku ya kwanza, inaweza kufungiwa. Anza na makumi, ongeza taratibu.

Wengine hurahisisha kwa kutuma linki moja ya Google Drive kwa kila mnunuzi. Linki hiyo itakuwa kwenye magrupu kabla ya jioni, na ikipakuliwa mno Google huifungia kwa muda, hivyo aliyelipa anakosa na wewe unaitwa tapeli. Kwa wateja mia tatu wa kwanza, tuma kwa mkono. Ni kazi ya mtu mmoja kwa siku chache, na ndiyo inayokupa mazungumzo na wanunuzi.

Kwa walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, fungua Bandcamp. Inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya bidhaa za kushikika, na ina kisanduku cha kumruhusu mnunuzi azidishe bei. Kiwashe, ndugu walio mbali huzidisha. Hakikisha kwanza akaunti yako ya PayPal inapokea pesa. Kenya inapokea na unatoa kwa M-Pesa, ila kwa Tanzania akaunti zimekuwa za kulipa tu kwa muda mrefu. Ukikwama, fanya makubaliano ya maandishi na mtu wa kuaminika aliye nje amiliki akaunti ya malipo, yakitaja asilimia yake na siku ya kukutumia.

RATIBA YA WIKI SITA

Wiki nne kabla: peleka albamu kwa msambazaji wa kidijitali ukiweka tarehe ya kutoka kuwa siku 14 baada ya kuanza kuuza mwenyewe. Wiki tatu kabla: toa wimbo mmoja kila mahali, bure kabisa, pamoja na blogu za muziki. Blogu zimewajenga wengi na hakuna sababu ya kuzichukia. Zipe wimbo huo, kava, na sentensi yenye namba ya kununulia albamu, zilizobaki usizipe. Wasanii wengi wanaolia kuibiwa albamu ndio walioituma nzima kwa blogu wakitafuta jina.

Wiki mbili kabla: fungua malipo ya awali kwa toleo kamili na flashi, ili pesa hizo ndizo zinunue flashi. Siku ya kutoa, tuma mzigo asubuhi watu wakiwa na bando jipya. Baada ya siku 14 za kuuza peke yako, albamu inafunguka kwenye majukwaa na watu wapya wanakujia kutoka huko.

IKIVUJA, IKIIBIWA

Kuvuja kabla ya siku yake mara nyingi hutokea ndani: studio, redio, ma-DJ, mpiga picha wa video. Dawa ni kumpa kila mmoja nakala yake iliyo tofauti kidogo. Taarifa zilizo ndani ya faili hufutika, kwa hiyo weka alama kwenye sauti yenyewe: kwenye nakala ya kwanza zima hai-hati (matoazi ya ngoma) kwa mapigo mawili dakika ya 1:10, ya pili dakika ya 1:25, ya tatu dakika ya 1:40. Hakuna msikilizaji atakayetambua. Andika daftarini nakala ipi kapewa nani na lini. Ikivuja, sikiliza sehemu hizo tatu, utajua mlango uliovuja.

Siku saba za kwanza tafuta kila asubuhi kwenye Google jina la wimbo pamoja na maneno "mp3 download", halafu YouTube, Facebook na Telegram. Usihangaike na kila tovuti. Shughulikia zinazotokea ukurasa wa kwanza, kwa sababu ndizo watu wanazofungua.

Notisi ya kuondoa iandikwe kwa Kiingereza na iwe na mambo sita: jina la kazi yako, linki kamili ya kila faili, kwani ukurasa wa mwanzo wa tovuti hautoshi, jina lako, anwani na simu, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayo hayana ruhusa, tamko kwamba maelezo ni sahihi na, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba una mamlaka juu ya kazi, na sahihi. Itume kwa mwenye tovuti. Asipojibu ndani ya siku tatu, tumia WHOIS, huduma ya mtandaoni ya kutafuta taarifa za tovuti, kujua kampuni inayoihifadhi. Ikionekana Cloudflare, huyo ni wa katikati tu. Jaza fomu yake na atapeleka malalamiko kwa mhifadhi halisi. Wakati huohuo jaza fomu ya Google ya kuondoa linki kwenye matokeo. Tovuti ikibaki hai lakini Google haiionyeshi, kazi kubwa imeisha.

YouTube ni rahisi zaidi: chaneli ikipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 inaweza kufungwa. Mwenye chaneli akipinga, una siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua shauri, la sivyo video inarudi. Ndiyo maana karatasi za mgawo zilitangulia yote. Video ya shabiki anayecheza wimbo wako usiiguse. Huyo anakutangazia.

VIBANDA NA FLASHI

Kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi kina kitu usicho nacho: kipo kituoni, na mwenye kibanda anawajua wateja. Kuna njia ya COSOTA, KECOBO na polisi, itumie kwa anayezalisha nakala kwa wingi. Kwa kibanda cha kawaida, mfanye wakala. Mpe nyimbo tatu na bango dogo lenye Lipa Namba yako, auze kwa Sh 1,000 abakize 300. Mfuate kila Jumamosi. Usipomfuata wiki mbili, bango litakuwa limefunikwa na la mwingine.

Flashi nunua za GB 8 kwa jumla, na kabla ya kulipia mzigo wote jaribu tano kwa programu ya H2testw, maana zipo zinazojitangaza GB 8 zikiwa na chini ya hapo, na nyimbo za mwisho huharibika. Zifomati kwa mfumo wa FAT32, kwa kuwa redio nyingi za magari hazisomi NTFS wala exFAT. Weka MP3 tu. Nakili wimbo mmoja mmoja kuanzia wa 01. Redio nyingi za bei nafuu hupiga kwa mpangilio wa kunakiliwa bila kujali namba zilizoandikwa, na ukiburuta zote kwa pamoja mpangilio unaweza kuvurugika. Kisha chomeka flashi moja kwenye gari la zamani na moja kwenye spika ya bluetooth, uisikilize hadi wimbo wa kumi, kabla hujafunga kasha la kwanza.